Maziwa Yaliyokwenda Ulaya

Mjukuu wangu alijifungua huko Manundu, nami nikaenda kumsaidia kulea siku za mwanzo. Asubuhi moja alikuwa anachemsha chupa ya mtoto, na ile chuchu ya mpira ilipopata moto ikatoa harufu. Haikuwa harufu kali. Yeye mwenyewe hakuisikia. Mimi niliyekuwa nimeketi kwenye kigoda nikipepeta mchele niliisikia. Niliweka ungo chini, nikatoka nje, nikaushika ukuta. Alinifuata akaniuliza kama naumwa, nikamwambia ni moshi tu. Ningemwambia nini? Yeye kazaliwa wakati maziwa ya kopo yanauzwa madukani, na mpira kwake ni kitu cha kuchezea watoto. Lakini ninyi wa rika langu, tuliokuwa watoto Wadachi walipokuwa wakitutawala, hamhitaji maelezo mengi. Kwenu ninaweza kusema.

Kwetu ni Handeni, upande ule ambao mvua huja kama mgeni mwenye haraka. Wakati ninaousimulia haikuja kabisa. Mahindi yaliungua yangali mafupi, mtama ukaliwa na ndege ukiwa mchanga, na wanawake wakaanza kwenda mwituni kuchimba ndiga, kile kiazi ambacho usipokiloweka vizuri kinaua. Nyumba yetu ilinuka maji ya ndiga mchana kutwa. Baba hakuwepo. Jumbe alikuwa ametakiwa atoe wanaume ambao hawakuweza kulipa kodi, naye akamtoa baba pamoja na wengine, wakapelekwa shamba la Mzungu karibu na Korogwe, kila mmoja na kipande chake cha kuandikiwa siku za kazi. Mdogo wangu Mhina alizaliwa baba akiwa huko huko. Mama alisubiri, akasubiri, mpaka siku ndiga nazo zilipoanza kuwa za kugombaniwa akafunga mkeka na sufuria, akasema njaa ya pamoja ni afadhali kuliko njaa ya mbalimbali. Tukaondoka na wanawake wengine waliokuwa wakiwafuata waume zao. Mimi nilikuwa binti wa kutosha kubeba kibuyu cha maji, si wa kutosha kumbeba Mhina mwendo mrefu.

Nakumbuka tulivyofika. Nilizoea pori la kwetu ambalo kila mti umejiotea unavyotaka. Pale niliona miti imesimama kwa mistari kama watu wanaosubiri kuitwa majina. Ilikuwa miti myembamba, yenye majani kama ya muhogo, na kila shina lilikuwa na makovu. Wanaume walipita na vindoo vya maji ya ndimu, wakayapaka kwenye gome, kisha wakalichoma gome kwa visu vidogo, na papo hapo yakatoka maziwa. Meupe kabisa, mazito, yakitiririka kwenye shina. Yakikutana na yale maji makali yaliganda, nao wakayaviringa mkononi kama mtu anavyoviringa tonge, yakawa madonge. Madonge yalijazwa maguniani, magunia yakapandishwa gari la moshi Korogwe, na gari la moshi likaenda Tanga pwani. Harufu yake ilikuwa ya kitu kichachu kinachoanza kuoza. Ilikaa kwenye nguo za baba, kwenye nywele zake, hata kwenye ugali alioushika.

Jioni ya kwanza nilimuuliza baba yale maziwa yanakwenda wapi. Alikuwa amechoka, amelala chali kwenye mkeka, Mhina amepanda juu ya kifua chake. Ndiyo kwanza wanajuana. Akasema yanakwenda Ulaya. Nikamuuliza huko yananywewa na nani. Baba akacheka, akasema watoto wa Ulaya ni wengi na wana njaa kuliko sisi, ndiyo maana miti yote hii haiwatoshi. Mama naye akacheka. Mimi sikucheka. Nilijenga picha kichwani ya nchi iliyojaa watoto wachanga wanaolia, na mama zao hawana kitu, nikawahurumia.

Katika kibanda kilichopakana na chetu alikaa Mama Yohana, Msambaa wa milimani upande wa Bumbuli, Mkristo, mke wa mgemaji mwenzake baba. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Mwanawe wa mwisho alikuwa amemzika pale kambini kabla hatujafika. Yeye na mama walielewana upesi. Mama alimsemesha Kizigua, yeye akajibu Kisambaa, na yalipokwama wakakutana kwa Kiswahili. Posho ya kambi ilikuwa makopa ya muhogo na chumvi, siku nyingine maharage yenye vidudu. Tulikonda wote isipokuwa Mhina. Mhina alikuwa na mashavu, na mikono yake ilikuwa na mikunjo kama amefungwa uzi. Kila alichokula mama kilikwenda kwake. Watu walipita wakamfinya mapaja kwa furaha, maana katika kambi ile alikuwa kama ushahidi kwamba bado mtu anaweza kunenepa.

Unene huo ndio uliotuponza.

Katika nyumba kubwa ya mabati, juu kidogo ya shamba, alikaa bwana shamba na mkewe, ambaye sisi tulimwita bibi ingawa alikuwa msichana tu. Bibi alikuwa amejifungua mtoto wa kike, kisha homa ikamshika na maziwa yakamkauka. Maziwa ya makopo kutoka kwao mtoto aliyatapika. Ya ng'ombe yalimharisha. Daktari akaja kwa gari la moshi kutoka Tanga, na asubuhi moja nyapara akapita vibandani akiita wanawake wote wanaonyonyesha waje mbele ya ghala.

Walipangwa juani. Daktari alitazama macho yao, meno yao, akawabonyeza matiti, hasemi nao neno, anasema na nyapara tu. Kwa wengi alipita haraka. Alipofika kwa mama alimtazama Mhina kwanza. Alimchukua mikononi, akampima uzito kwa kumrusha rusha kidogo, Mhina akacheka. Daktari naye akatabasamu. Kisha akamrudishia mama na kumwonyesha nyapara kwa kidole: huyu.

Nyapara akaeleza. Mama atakaa nyumba kubwa usiku na mchana, atakula huko huko, wali na nyama na mchuzi. Atamnyonyesha mtoto wa bwana. Wake hataruhusiwa kunyonya, kwa sababu daktari anataka maziwa yatoshe na yasichanganyike na uchafu wa kambini.

"Na wangu atanyonya nini?" mama akauliza.

"Wako atakunywa uji," nyapara akasema. "Watoto wetu huzoea."

Baba alikuwa amesimama nyuma na wagemaji wenzake. Nyapara akamgeukia, akamwambia kwa upole, kama anayempa nasaha, kwamba mke akikataa, siku zote zilizokwisha kuandikwa kwenye kipande zitafutwa na ataanza upya. Mama akamtazama baba. Baba akatazama chini. Nilimwona mama akivuta pumzi, akanifungia Mhina mgongoni kwa kaniki yake mwenyewe, akaikaza sana, akapiga fundo mara mbili. Kisha akapanda kile kilima nyuma ya daktari bila kugeuka.

Mimi nilikuwa nalifikiria jambo hili kwa akili yangu. Kwa nini watu wenye miti yote ile ya maziwa wamtake mama yangu? Nikapata jibu: yameondoka yote na gari la moshi, wamepeleka kwao, mtoto wao mwenyewe hawakumbakizia. Nikawaona wajinga, lakini wajinga wenye moyo mzuri.

Usiku Mhina alilia, mchana akalia. Mama Yohana alisaga makopa mpaka yakawa laini kama vumbi, akapika uji, akaupoza, akamnywesha kwa kiganja. Nusu uliingia, nusu ulitoka. Aligeuza kichwa huku na huku akitafuta titi. Akanitafuta hata mimi, akauma kifua changu ambacho hakikuwa na kitu. Kisha tumbo likaanza kumwendesha. Baba alirudi jioni akamkuta amelala kwa kuchoka kulia, akakaa karibu naye bila kula.

Siku moja sikuvumilia. Nilimbeba Mhina mgongoni nikapanda kilimani. Mpishi, mtu wa Pangani mwenye kofia nyeupe, alinizuia penye ua wa maua, lakini nilikuwa nimeshaona. Mama alikuwa ameketi barazani kwenye mkeka. Walikuwa wamemwosha, wamemvalisha merikani nyeupe mpya, na yule mtoto mweupe amelala mapajani mwake. Bibi alikuwa kwenye kiti chake kirefu, amejifunika blanketi kwenye joto lile. Mama alikuwa anaimba polepole. Mhina akaisikia sauti. Kilio alichotoa sijakisikia tena kwa mtoto mwingine yeyote. Kilikuwa kama cha mtu mzima. Mama akainua kichwa. Nikaona ile merikani inalowa kifuani pande zote mbili, madoa mawili yanapanuka yakateremka mpaka tumboni. Akataka kuinuka. Bibi akasema neno moja tu, na mama akaketi tena.

Nilimkasirikia mama yangu. Nilidhani wali na nyama vimemfanya atusahau. Sikujua bado kwamba mtu anaweza kuwa amefungwa na kamba isionekane.

Mpishi alinipa ukoko wa wali kwenye jani, akaniinamia. "Usimlete tena," akasema. "Bwana akisikia, mama yako atafungiwa chumba cha ndani na hutamwona hata kwa mbali." Hakusema kwa ukali. Aliniangalia mpaka nikafika kwenye miti.

Tangu hapo Mhina akawa anapungua mbele ya macho yetu. Mashavu yalikwenda, mikunjo ya mikono ikawa ngozi tupu inayoning'inia. Utosi ulibonyea. Ukimfinya ngozi ya tumbo na kuiachia, ilibaki imesimama. Kibaya zaidi alinyamaza. Mama Yohana alipoacha kusikia kilio asubuhi alikuja mbio, akaweka sikio kifuani mwake, kisha akamwambia baba, aliyekuwa anajitayarisha kwenda kazini, kwamba mtoto anaondoka. Baba akasema atakwenda kwa bwana. Akaenda. Akangoja chini ya ngazi mpaka akafukuzwa na nyapara kwa kuchelewa kazi.

Nami nikaona mimi ndiye niliyebaki mwenye akili. Maziwa si yako pale, kila upande? Watoto wa Ulaya watapungukiwa na kidogo tu. Nilisubiri mpaka wanaume wameingia mistari ya mbali, nikachukua kisu cha zamani cha baba na kifuu cha nazi, nikaenda kwenye miti iliyokuwa nyuma ya vibanda. Sikuwa na maji ya ndimu, wala sikuyataka, kwani niliona ndiyo yanayoyagandisha. Nilikata gome kwa nguvu zangu zote, sehemu nyingi, ovyo ovyo, kwenye mti huu na ule. Maziwa yakatiririka. Nilikinga kifuu nikarudi mbio.

Mhina alikuwa macho. Nilichovya kidole nikakitia kinywani mwake, naye, aliyekuwa ameshakataa hata uji, akanyonya. Nilifurahi jinsi nisivyoweza kueleza. Nikachovya tena, na tena, kisha nikaona nimmiminie kidogo. Akameza mara moja. Mara ya pili hakumeza. Alitoa macho. Mdomo ulifunguka lakini hakuna sauti iliyotoka, na kitu cheupe kilikuwa kimetanda kutoka ulimi mpaka kwenye kaakaa kama utando wa buibui. Uso ukabadilika rangi. Nikapiga kelele.

Mama Yohana aliingia hata sijui alitokea wapi. Alimpindua Mhina kichwa chini, akatia vidole viwili kinywani mwake, akavuta. Ulitoka uzi mrefu, unanyumbuka, haukatiki. Akauzungusha kwenye vidole akavuta tena. Akampuliza mdomoni, akampiga mgongoni, akavuta tena. Nilisimama ukutani nimeshika kile kifuu. Halafu Mhina akatapika, akavuta hewa, akalia kwa sauti nyembamba.

Mama Yohana akaketi chini naye mapajani. Alikitazama kifuu, akanitazama mimi. Vidole vyake vilikuwa vimegandana.

"Nani alikwambia haya ni maziwa ya kunywa?" akauliza.

"Baba," nikasema.

Aliinuka. Alimfunga Mhina mgongoni, akanishika mkono. "Twende kwa mama yako," akasema. "Na hatupiti jikoni."

Tulipanda kilima mchana kweupe. Mpishi alitoka akatuona, akarudi ndani kama ambaye hakutuona. Tulipita penye maua, tukapanda zile ngazi za mbele ambazo hakuna mtu wa kambini aliyewahi kuzikanyaga, na Mama Yohana akamfungua Mhina mgongoni, akamweka mikononi mwa mama. Mama alimtazama. Nadhani kwa nukta chache hakumtambua. Kisha alishusha ile merikani, akamwekea titi la kushoto mdomoni. Mhina hakuwa na nguvu ya kunyonya. Mama akalikamua tone kwa tone, akimpangusia midomo, akimwita jina.

Bibi aliinuka kitini akapiga ukelele. Bwana akatoka ndani, na nyapara naye akaja mbio kutoka ghalani na kiboko mkononi. Bwana alikuwa anajua Kiswahili cha kuamrisha. Akamwambia mama amtoe mtoto huyo. Mama hakumtoa. Akamwambia tena, uso umewiva, akapiga hatua. Ndani chumbani yule mtoto mwingine akaamka, akaanza kulia. Ilikuwa saa yake ya kunyonya.

Mama akainua macho. Sauti aliyoitumia sikuijua.

"Bwana, mimi nina matiti mawili. Hili la wako, hili la wangu. Ukimtoa huyu hapa, na wako hatapata hata tone. Nitayakamua mchangani, na unipige hapo hapo."

Nyapara hakutaka yeye ndiye aonekane kalitafsiri lile. Haikuhitajika. Bwana alikuwa ameelewa, ilionekana alivyosimama. Tulikaa vile, kila mtu mahali pake, na kilio cha ndani kinazidi. Mama Yohana alikuwa ameushika mkono wangu mpaka vidole vikafa ganzi. Nilikitazama kiboko, maana ndicho kilichokuwa karibu na uso wangu.

Aliyejongea ni bibi. Alikwenda ndani akijishikilia kwenye ukuta kwa ile homa, akarudi na mtoto wake. Hakumtazama mumewe. Alipiga magoti pale mkekani, jambo ambalo sikujua Wazungu wanaliweza, akamlaza mtoto wake mkono wa kulia wa mama. Mama akampa titi. Bwana alisema kitu kwa lugha yao, kifupi. Akateremka ngazi, akaenda zake shambani, na nyapara nyuma yake.

Njiani waliikuta miti niliyoikata, nyuma ya kibanda chetu.

Alasiri ile waliita watu wote mbele ya ghala. Baba alilazwa kifudifudi juu ya pipa. Alipigwa viboko vile ishirini na vitano, hamsa ishirini, ambavyo kila aliyeishi zama zile anavijua. Hakulia. Nilikuwa nimefichwa nyuma ya nguo ya Mama Yohana lakini niliona, na zaidi niliisikia pumzi yake ikitoka kila mara kama mtu anayenyanyua mzigo. Alipomalizwa alijifunga nguo yake vizuri, akashika kindoo chake, akarudi kwenye mstari wake wa miti.

Mimi niliamini ninajua sababu. Jioni, baba amelala kwa tumbo, Mama Yohana anamkanda mgongo kwa maji ya chumvi, nilichuchumaa karibu na kichwa chake nikamuuliza kama amepigwa kwa sababu alinidanganya habari za maziwa.

Baba alinigeuzia uso. Mama Yohana naye akasimamisha mkono wake.

"Ndiyo, mwanangu," baba akasema. "Mtu mzima hatakiwi kumdanganya mtoto."

Niliridhika. Nililala usingizi mzuri. Nilikua, nikaolewa, nikazaa, nikiwa na imani hiyo, kwamba Wadachi waliwapiga watu kwa kusema uwongo. Siku moja nilikuwa namkanya mwanangu aliyevunja chungu cha watu, ndipo ghafla nikaiona ile miti, na mikato yangu juu yake. Baba alikuwa keshafariki. Sikuwa na mtu wa kumwendea.

Baada ya siku ile nilimpeleka Mhina kilimani kila asubuhi na kumrudisha kambini jioni, na hakuna aliyetuzuia. Bwana alijifanya hatuoni. Mhina alipona kidogo kidogo, leo nafuu, kesho tumbo tena. Yule mwingine alinawiri. Alikuwa mtoto mtulivu, mwenye nywele kama nyuzi za mahindi machanga. Watu wa nyumba kubwa walikuwa na jina lao la kumwitia, lakini mama alimwita Mwanamvua, kwa sababu mvua ilirudi wakati ule. Walinyonya wote wawili kwa pamoja, na mara nyingi mmoja alimshika mwenzake sikio au nywele, wakalala hivyo hivyo. Bibi alikaa kwenye kiti chake akiwatazama. Nguvu zilimrudia. Alijifunza kumwambia mama "ahsante" na "kula". Jina la mama hakuwahi kuliuliza.

Kisha wakubwa wakaanza kusema bei imeanguka. Nilisikia kwa nyapara, nikasikia kwa mpishi, kambi nzima ikawa inasema: bei imeanguka Ulaya. Nilimuuliza Mama Yohana bei ni kitu gani, kimeanguka kutoka wapi, na kimewaumiza watu wangapi. Akaniambia hajui ni kitu gani, ila kikianguka kule, kishindo kinasikika huku. Nilikwenda kweli kwenye reli kutazama kama kuna kilichodondoka. Hakukuwa na kitu. Magunia tu, yamerundikwa stesheni, hakuna aliyeyapakia, na harufu yake imetanda Korogwe nzima. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba nchi nyingine za mbali zilikuwa na mpira mwingi kuliko wetu na wa rahisi zaidi, wenye viwanda wakaukimbilia huo. Ndivyo ilivyokuwa. Watu ambao hatujawahi kuwaona waliamua hawatuhitaji tena, kama walivyokuwa wameamua mwanzoni kwamba wanatuhitaji, na mara zote mbili hakuna aliyetuuliza.

Shamba lilifungwa. Wagemaji waliambiwa warudi makwao; siku ambazo hazijatimia kwenye vipande zikapotea hivyo hivyo. Tulipewa makopa ya njiani. Miti ilibaki imesimama kwa mistari, na hakuna wa kuikata.

Bwana na bibi waliondoka kwa gari la moshi, na mama akaamriwa awasindikize stesheni ili mtoto asilie njiani. Tulikwenda wote. Mama alimnyonyesha Mwanamvua mara ya mwisho kwenye benchi, injini inapumua. Bibi akaja kumchukua. Mtoto alikuwa ameanza kujua watu. Alimng'ang'ania mama shingoni, ikabidi vidole vyake vibanduliwe kimoja kimoja. Bibi alikuwa analia. Aliuweka mkono wake begani kwa mama, akataka kusema kitu, Kiswahili chake kikamwishia, akapanda. Tulisikia kile kilio mpaka magurudumu yalipokizidi nguvu. Mama hakulia. Njia nzima ya kurudi Handeni alitembea na kifua kimejaa upande wa kulia, kinamuuma, na Mhina, ambaye sasa yote mawili yalikuwa yake, aliukataa upande ule kwa siku nyingi. Alikuwa amezoea kuwa si wake.

Tulipofika nyumbani mama alikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akamweleza. Mwalimu akamwambia dini iko wazi, mtoto uliyemnyonyesha akashiba ni mwanao, na wanao ni ndugu zake. Mama alirudi amenyooka. Tangu hapo akiulizwa ana watoto wangapi alisema watatu. Wanawake kisimani walicheka, wengine wakamkasirikia, wakamwambia amemhesabu aliyetaka kumwua mwanawe. Yeye akasema mtoto hakutaka kumwua mtu, alitaka kunyonya. Vita vilikuja, Wadachi wakaondoka, Waingereza wakaingia. Kila alipokutana na mtu wa Tanga mama alimuuliza kama kuna habari za watu wale, naye hata jina la ukoo wao hakuwa analijua.

Mhina hakupenda mazungumzo hayo. Alikua mwembamba, tumbo lake halikuwa na nguvu maisha yake yote, na tangu utotoni mama akimtaja Mwanamvua yeye aliinuka akaenda nje. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Mama alifariki Handeni akiwa mzee sana. Siku ya mazishi watu walijaa uani, na kabla ya kumswalia, imamu, kijana aliyehamia karibuni, akauliza ili awatangazie watu: marehemu ameacha watoto wangapi? Watu wakatutazama. Si mahali pa mimi kujibu, mwanamume wa nyumba alikuwa yupo. Nilikuwa mlangoni nimejifunika, namtazama Mhina mgongoni, mabega yake yale membamba, nikaogopa jibu lake kuliko nilivyokiogopa kile kiboko.

Mhina alijifuta uso kwa kanzu.

"Watatu," akasema.

Imamu akatazama huku na huku, akauliza wa tatu yuko wapi, asubiriwe.

"Asisubiriwe," Mhina akasema. "Yuko Ulaya. Msiba haujamfikia."